Mgomba wa Prisca

Mimi ni fundi cherehani hapa Bulyaga, Tukuyu, na futi ninayovaa shingoni niliachiwa na mama. Asubuhi nafungua duka, natoa cherehani barazani kama mvua haijaanza, nakunywa chai yangu, na mteja akija kudai gauni kabla ya siku yake namsema mpaka anacheka mwenyewe. Mdomo ninao, sikatai. Nakwambia hivi ili ujue kwamba mimi si mtu wa kushtukashtuka. Na haya hayakumtokea shemeji wa jirani wa mtu fulani. Yamemtokea Tausi, mdogo wangu wa tumbo moja, na hivi ninavyoongea yuko hapo nyuma yangu anashona vifungo.

Tausi amekua akinishikia ncha ya futi. Kabla hajajua kusoma alishajua kupima bega, kiuno na urefu wa mkono. Kwa hiyo walipokuja wale watu wa filamu kutoka Dar, wakapanga nyumba hapa mjini na kutangaza kwamba wanatafuta mtu wa kusaidia kwenye kamera, alinyanyuka akaenda hata bila kuniaga. Msaidizi mkuu wa kamera alikuwa Ackson, mtu mzima wa Mbeya, mpole ila kazini hana utani. Akamuuliza, "Unajua nini kuhusu kamera?" Tausi akajibu, "Sijui kitu. Ila kupima najua." Ackson akacheka, akamwambia basi aje kesho na viatu vya matope.

Jioni akirudi alinisimulia mpaka chakula kinapoa. Nimeijua ile kazi kwa kusikiliza tu. Kuchaji betri. Kubeba maboksi bila kuyagonga. Kufuta lenzi kwa kitambaa chake, na ole wako utumie kanga. Kushika kile kibao mbele ya kamera, kutaja namba ya sini, kukigonga na kutoka mbio kabla mwongozaji hajakufokea. Kubandika tepu nyeupe chini ili mwigizaji ajue pa kusimama. Na kubwa kuliko yote, kupima. Unashika futi, unapima kutoka kwenye kamera mpaka kwenye jicho la mwigizaji, halafu pale kwenye ile pete inayozungushwa kwenye lenzi unabandika kipande kidogo cha tepu chenye herufi ya kwanza ya jina lake. Pete ikifika hapo, uso wake unakaa sawa. Ukikosea kwa upana wa kidole, uso wote ni ukungu.

"Jicho la mtu linajirekebisha lenyewe," Ackson alimwambia. "Kamera haikusaidii. Ukiipa uongo, inakurudishia uongo wako mbele ya watu wote."

Tausi aliipenda hiyo kauli, akawa anairudia akiosha vyombo. Nami nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Mtoto alikuwa amehangaika na vibarua vya kila aina, sasa amepata kazi anayoamka nayo akiimba.

Siku ya mambo walikwenda Suma kupiga sini ya mazishi. Filamu ilikuwa ya mama mmoja mjane, na mazishi yalitakiwa yafanyike nyumbani, pembeni ya migomba, kama watu wa huku wanavyozika. Bibi Atupele ndiye aliyewapa sehemu shambani kwake. Bibi huyu tunamfahamu, mama alikuwa anamshonea. Ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kimejaa Kinyakyusa. Alikubali wachimbe kaburi la filamu, ila akaweka sharti moja.

"Kwangu hapa kaburi halifukiwi tupu," alisema. "Likichimbwa linangoja mtu. Nitawakatia mgomba. Atakayelala humo akitoka, mgomba uingie mahali pake, ndipo mfukie. Mmenisikia?"

Mwongozaji akasema tumesikia bibi, ndaga fijo, asante sana, huku anaangalia simu. Bibi akamtazama. Kisha akaenda kukata kipande cha mgomba chenye urefu wa mtoto wa shule, akakiosha, na hakumpa mwongozaji. Akampa Tausi. "Wewe ni wa hapa," akamwambia. "Ukiweka wewe, nimeridhika."

Kamera ikafungwa juu ya mbao, inaangalia ndani ya kaburi. Mwigizaji wa kuwa maiti alikuwa bado anapakwa poda nyumbani kwa bibi. Ackson akataka kupima kabla hajaja, na kwenye kazi ile mtu wa kupimiwa akikosekana, msaidizi ndiye anayelala. Akamwambia Tausi ashuke.

Tausi akaangalia shimo. Miguu ikakataa.

Sasa kulikuwa na binti anaitwa Prisca, jirani wa bibi, waliyemchukua awachemshie chai na ndizi. Msichana wa kucheka, hana baya na mtu. Picha aliyokuwa nayo maishani ni ile ya kitambulisho, na alikuwa anaificha kwa jinsi alivyotoka amekodoa macho. Tausi akamvuta pembeni. "Prisca mdogo wangu, nilalie humo mara moja tu nipime. Mimi nitakupiga picha moja ya hii kamera kubwa, uwape na wajukuu."

"Kulala tu?" Prisca akasema. "Mbona hiyo kazi naiweza."

Akafungua kanga yake, ya kijani yenye maua mekundu, akampa Tausi amshikie isichafuke. Akashuka akicheka. Akalala, akakunja mikono kifuani, akafunga macho, akafungua jicho moja kuwachekesha watu. Tausi akateremsha futi mpaka karibu na jicho lake, akasoma, akabandika tepu kwenye pete ya lenzi na kuandika P.

Prisca akaacha kucheka. "Dada Tausi," akasema, "mbona huku hamsikiki?"

Wakamvuta mkono, akatoka, akajipangusa udongo, akarudi kwenye masufuria yake. Watu wakaendelea na kazi.

Mwigizaji hakuwahi kushuka. Wingu la Rungwe lilikuja ghafla kama kawaida yake, na mwongozaji akaamua kuiacha sini ya ndani ya kaburi, awahi waombolezaji kabla mvua haijakolea. Ikawa patashika. Kamera ikahamishiwa kwenye stendi, kwenye mteremko, na mguu mmoja wa stendi ukawa unazama kwenye tope. Ackson akapiga kelele, "Tausi, tafuta kitu tuweke chini! Chochote!" Tausi akatupa macho huku na huku. Kitu kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa ule mgomba. Akausukuma chini ya mguu wa stendi, na stendi ikatulia. Wanawake wa kijiji wakalia kilio cha kweli kabisa, mpaka nywele zinasimama, na mwongozaji akasema imekubali.

Ackson akampiga Tausi begani. "Leo umekuwa msaidizi," akamwambia.

Halafu mvua ikamwagika. Kila mtu anakimbia na boksi. Vijana wa kijiji wakashika majembe wakafukia lile shimo haraka haraka, nani angekubali lijae maji? Tausi alipofungua stendi na kuona mgomba umelala kwenye tope, vijana walikuwa wanashindilia udongo wa juu kwa miguu. Bibi Atupele akatoa kichwa mlangoni.

"Gwe Tausi, umemweka?"

Ackson alikuwa amesimama hapo hapo. Angesema hapana, wangefukua kwenye mvua, gari lingechelewa, na ile sifa aliyoipata ingefutika. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe, na machozi yanamtoka.

"Nimemweka, bibi."

Bibi akaingia ndani. Vijana wa vifaa wakautupa ule mgomba kwenye pikapu, kwa sababu umewafaa, na kesho yake ukaenda nao Ikuti. Huko ukawekwa tena chini ya stendi. Jioni yake mtu mmoja akauomba, akampa ng'ombe wake akala.

Kule Ikuti Prisca alikuwa nao, maana chai yake waliipenda. Siku ya pili mchana kukawa na nafasi, Tausi akakumbuka ahadi. Akamwambia akasimame ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la chai, jua limetoka, panapendeza. Ackson akaruhusu. Prisca akajipanga, akatabasamu.

Tausi akaangalia kwenye kioo cha kamera. Majani ya chai safi. Barabara safi. Prisca ukungu.

Akapima upya, akazungusha pete mpaka kipimo kilipo. Ukungu. Akamwambia asogee mbele. Ukungu. Akafuta lenzi. Akaizungusha pete polepole kutoka mwanzo. Ikapita miti, ikapita mawe. Ilipofika kwenye ile tepu ya P, ile ya kaburini, majani ya chai yote yakapotea, barabara ikapotea, na uso wa Prisca ukatokea wazi kabisa, kila kope ya jicho.

Alikuwa ng'ambo ya barabara. Tepu ilisema yuko chini ya kamera, kwenye shimo.

Tausi akaibandua ile tepu, akafuta gundi kwa spiriti. Asubuhi akaikuta imerudi. Mwandiko ni wake.

Hakusema kitu. Astaghfirullah, mpaka leo hapo ndipo ninapochoka naye. Angesema siku ile! Aliogopa ataonekana mshamba, aliogopa atafukuzwa, akajiambia ni lenzi mbovu. Huku anamwona Prisca anavyobadilika. Binti akawa anavaa sweta jua kali. Akawa analalamika chai ina udongo, wakati wengine wanakunywa haina kitu. Kucha zake nyeusi, akizisugua zinarudi. Na mtu akimsemesha yuko karibu naye kabisa, anainua uso juu, anakunja macho.

"Ongea kwa nguvu," anasema. "Uko juu sana."

Wakamrudisha kwa mama yake Suma. Zahanati walimpima, wakasema damu ni nzuri, malaria hana. Akalala. Hali, hanywi. Tausi alikwenda kumwona, akamkuta amelala chali, mikono kifuani, imekunjwa vile vile. Mama yake amekaa pembeni, anamfuta midomo kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa udongo.

Siku hiyo ndiyo alikuja dukani kwangu saa za mchana, wateja wamejaa, akakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Akasema, "Dada Mwanaamina, nimemfukia mtu." Nikawatoa wateja. Akaniambia yote. Wallahi nilimsema! Nilimsema mpaka sauti ikakauka. "Mgomba! Umeshindwa kusema mgomba umesahaulika! Ungekufa?" Kisha nikafunga duka, nikamshika mkono, tukaenda kwa Bibi Atupele.

Bibi hakumfokea, na hilo ndilo lilinitisha. Alimsikiliza, akawa anatingisha kichwa taratibu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, bibi."

"Sasa sikia. Yule wa kwanza amepotelea Ikuti. Kakate mwingine huko huko. Mfunge mgongoni kama mtoto, kwa nguo ya Prisca kama unayo. Kutoka barabarani uje kwa miguu, mchana, watu wakuone. Kila anayekuuliza umebeba nini, mwambie ukweli wote. Kaburi lilikosa mtu kwa uongo wako. Ukidanganya tena njiani, huyo atakayeingia humo hatakuwa mgomba tu. Atakuwa wewe mwenyewe, na hakuna wa kuja kukutoa."

Kanga ilikuwepo. Tangu siku ile ya mvua ilikuwa imebaki kwenye begi la Tausi, chini ya vitambaa vya lenzi.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Mama yake ataambiwa na huyu," bibi akasema. "Si mimi."

Kesho yake mimi nilimsubiri kwa bibi. Ukungu ulishuka mpaka kwenye paa, mchana ukawa wa kijivu. Nikamwona anatokea kwenye kijia, ameinama, mgomba mgongoni kwenye kanga ya kijani. Alikuwa amekutana na wachuma chai, wakamcheka kwanza, alipowaambia wakampisha njia. Alikutana na mwalimu mmoja mwenye mwavuli, akamwambia, mwalimu akashika njia bila kuaga. Alikutana na watoto. Nao aliwaambia.

Bibi akamsimamisha mlangoni. "Wote waliokuuliza umewaambia?"

"Wote, bibi."

Vijana wale wale wakafukua. Udongo wa juu ulikuwa tope. Wakaenda chini. Ukawa mkavu. Wakaenda chini zaidi. Ukawa mkavu kabisa, na mvua ilikuwa imenyesha kila siku. Kijana aliyekuwa shimoni akaacha jembe, akapanda juu.

Nikachungulia. Chini kabisa udongo ulikuwa umebonyea. Kichwa. Mabega. Visigino. Na pale kifuani palikuwa na alama za mikono iliyokunjwa.

Tausi akashuka mwenyewe. Safari hii hakuwa na wa kumtuma. Akafungua kanga, akaulaza mgomba kwenye lile umbo. Ukaenea sawasawa. Bibi akainama ukingoni, akaita mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Prisca, toka." Wakafukia.

Hatujamaliza hata kunawa mikono, mtoto akaja mbio kutoka kwa mama Prisca. Prisca ameamka. Anauliza kama kuna ndizi.

Nilimkumbatia mdogo wangu nikalia. Nikasema Alhamdulillah, yamekwisha. Yeye hakulia. Alikuwa anaangalia kijia alichopita.

Baada ya siku chache Prisca akaja Bulyaga na mama yake, amenenepa mashavu, kucha safi, anacheka kama zamani. Mama yake alikuwa amebeba kuku jike mzuri, amefungwa miguu. Akamkabidhi Tausi kwa mikono miwili. "Umemhangaikia mwanangu," akasema. "Pokea." Akaendelea kumtazama usoni, kama mtu anayengoja chenji. Tausi akapokea kuku, akainamisha macho, akasema asante mama.

Prisca akadai picha yake. Kamera kubwa ilikuwa imeshaondoka na wenyewe, nikatoa simu yangu, nikampa mteja mmoja atupige wote barazani. Mimi, mama Prisca, Prisca, na Tausi na kuku wake. Wageni wakaaga, nikaenda kuiangalia.

Prisca ametoka vizuri mno. Mama yake safi. Mimi na futi yangu shingoni, unaweza kusoma namba. Kuku kila unyoya unaonekana.

Tausi ukungu.

Nikafuta simu kwa kanga. Nikapiga nyingine, yeye peke yake, mlangoni. Mlango safi. Bawaba safi. Yeye ukungu.

Nikamwonyesha. Akakaa chini taratibu.

"Tausi," nikanong'ona, "njiani ulimdanganya nani?"

Kuku akatapatapa. Tausi akajibu bila kuinua kichwa. "Mama Prisca. Alikuwa anatoka kutafuta dawa. Amelia, macho yamevimba. Akaniuliza, mwanangu umebeba nini? Dada, nilikuwa nimeshawaambia watu wote. Kwake ulimi ulikataa. Nikamwambia ni chakula cha ng'ombe."

Sikumsema. Nilichukua kuku, nikamshika mkono, tukaenda Suma saa ile ile.

Mama Prisca alikuwa anamenya ndizi nje. Tausi akapiga magoti kwenye udongo, akasema yote. Shimo, mgomba, uongo wa kwanza, uongo wa pili. Hakujitetea hata kidogo. Alipomaliza, mama Prisca aliendelea kumenya ile ndizi aliyoishika mpaka ikaisha.

"Kanga ile nilimnunulia mimi," akasema. "Unafikiri sikuijua? Mwanangu amelala anatema udongo, nakutana na mtu amefunga mgomba kwa kanga ya mwanangu, ananiambia ng'ombe."

"Mama..."

"Nilikuletea kuku ili useme. Nikasema labda akiona nimemshukuru, moyo utamuuma, atasema. Ukapokea."

Tausi akalia pale mpaka akaishiwa sauti. Nami nikapiga magoti, nikamwomba kama dada mkubwa, nikasema mama tusamehe, huyu ni mtoto wako. Mama Prisca akainuka na beseni lake.

"Nimekusikia," akamwambia Tausi.

Basi. Akaingia ndani.

Tulipita kwa Bibi Atupele tukamuuliza kama tunaweza kufukua tena, tuweke mgomba mwingine. Akasema shimo lina mtu wake tayari, ukifukua unamtoa nani? Akasema labda yule mama akitamka kwa kinywa chake kwamba amesamehe. Labda.

Tausi ameacha kamera. Ackson alipiga simu, wana kazi nyingine Mbeya, alimtaka sana, akasema hajapata mtu anayepima kama yeye. Alimjibu hawezi. Kila Alhamisi anapanda Suma kumlimia mama Prisca. Anapewa jembe, anapewa chakula, anajibiwa salamu. Prisca anakaa naye wanacheka. Ile kauli ya msamaha haijatoka. Mimi simlaumu yule mama, ningekuwa mimi sijui ningefanya nini. Ila nataka aseme. Kila Alhamisi Tausi akirudi namwangalia mdomo, naye anatikisa kichwa, anakaa kwenye kigoda chake, anachukua vifungo.

Anavaa sweta sasa. Nasema ni baridi ya Tukuyu.

Kinachonifanya nikusimulie ni hii futi. Mwezi uliopita nilikuwa nampima mteja urefu wa gauni, nikaona kipande cha tepu nyeupe kimebandikwa kwenye futi, kule mwisho. Kimeandikwa T. Nikamuuliza Tausi, akasema hajashika. Nikakibandua, nikafuta gundi kwa mafuta ya taa. Kesho yake kimerudi, ila si pale. Kimesogea. Kilikuwa kwenye urefu wa sketi. Nikakitoa. Kikarudi kwenye urefu wa shati. Nikakitoa, kikaja kwenye mkono.

Leo asubuhi nimekikuta kwenye kipimo cha kola. Bado hapo kuna nafasi kidogo mpaka mwanzo wa futi. Nimemwita Tausi aje anishikie ncha, kama zamani, nimpime tu, nione.

Ameinua uso juu, amekunja macho. "Dada," ananiambia, "ongea kwa nguvu."